Bangili ya Mama Chini ya Boneti

Absalom Wabwile Mukhisa, mwana wa Mukhisa aliyebeba mizigo ya vita vya Wajerumani akarudi na mabega yote mawili, mjukuu wa Wekoye aliyechimba handaki la kuzunguka kijiji chetu cha Kabuchai zamani watu walipolala na mikuki: huyo ndiye aliyekuwa mume wangu. Yeye mwenyewe hakuchimba handaki wala hakubeba mzigo. Aliendesha lori la Keya, jeshi la Waingereza, huko Bama, na vita vya Hitler vilipokwisha akaleta nyumbani koti refu, kovu la mguuni, na ujuzi wa simu ya upepo, ile ya kusemea ndani ya gari, ambao hapa kwetu hakuna aliyejua ni wa kazi gani. Mimi ni Nasambu, mke wake. Wajukuu kila mmoja anaihadithia bangili ya mama yangu kivyake, tena wengine wanaongeza simba. Simba hakuwapo. Palikuwa na matope.

Kazi aliipata Kitale, katika kikosi cha kuua nzige, miaka ile nzige waliposhuka kutoka Turkana kama moshi. Alipewa Landrova yenye turubai nyuma, na ndani yake sanduku la simu ya upepo. Anazunguka mashamba akitafuta tunutu, nzige wachanga wasioruka bado, walikoanguliwa, kisha anasema na Kitale: wako kule Kwanza, wako upande wa msitu, leteni sumu. Kule Kitale anajibu Cheruiyot, kijana mwenye sauti nyembamba aliyekaa na simu kubwa ofisini.

Sasa, simu ya upepo ndani ya gari ina adui mmoja, naye ni gari lenyewe. Kila plagi ikipiga cheche, simu inasikia. Dainamo ikizunguka, simu inasikia. Wewe unayetega sikio humsikii mtu. Unasikia mahindi yakikaangwa chunguni, na juu yake mbinja inayopanda kila mguu unapokanyaga mafuta. Dawa yake Absalom aliijua. Kwenye dainamo unafunga kondensa, kikopo kidogo kinachoenea kiganjani, nacho lazima kikae juu ya chuma kitupu. Boneti unaiunganisha na mwili wa gari kwa mkanda uliosukwa kwa nyuzi za shaba, maana boneti isiyoshikana na mwili inazipokea kelele za injini na kuzitangaza.

"Chuma kwa chuma," alikuwa akiwaambia madereva wenzake. "Katikati kusiwe na kutu, wala matope, wala rangi."

Alisema hivyo yeye mwenyewe, na mimi nilikuwepo.

Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, nakaa naye kambini Kwanza. Mama yangu, Nekesa, alikuja kunichukua nikajifungulie nyumbani Kabuchai. Hakulala kwetu. Kwetu sisi Babukusu mama mkwe na mkwewe hawasemezani, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Mkwe akimwona mama wa mkewe njiani, anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Hata jina lake halitamki. Kwa hiyo mama alilala kwa mwanamke wa ukoo wetu karibu na soko, na salamu zake zilikuja kwangu ndipo nizipeleke kwa mume wangu, hatua chache tu.

Bahati ikawa kwamba Bwana wa kikosi, tuliyemwita Bwana Panzi kwa urefu wa miguu yake, alimtuma Absalom akachukue magunia ya pumba za sumu yaliyofika kwa treni stesheni ya Bungoma. Akamruhusu atupitishe Kabuchai. Absalom alifurahi, halafu akaingiwa na wasiwasi. Gari lilikuwa na madoa ya sumu na mikwaruzo ya matawi. Mkwe ampeleke mama mkwe nyumbani kwake, kijiji kizima kikitazama, kwa gari la namna ile? Akatafuta rangi ya kijani na brashi.

Kipketer, dereva wa lori la kikosi, alimkuta amefungua boneti na kuilaza kwenye nyasi.

"Unaoa tena, bana, ama unaoa gari?"

"Nampeleka mama kwao."

"Si huyo mama haruhusiwi kukutazama?"

"Ndiyo maana," Absalom akasema. "Atatazama gari."

Alipaka kila mahali. Alipaka bawaba, alipaka kingo za boneti, alifungua kondensa akapaka hata pale inapokalia, na rangi ilipokauka akarudisha kila kitu juu yake. Mkanda wa shaba wa boneti ulikatikia mkononi mwake. Akasema atanunua mwingine Bungoma, kwa Mhindi. Gari likang'aa kama jani la ndizi baada ya mvua. Mimi nililisifu. Nani asingelisifu?

Tuliondoka asubuhi. Mama na mimi tuliketi nyuma juu ya magunia matupu, na kati yetu na dereva tulitundika leso ili mama na mkwewe wasionane. Sanduku la simu lilikuwa ubavuni mwangu. Turubai lilifungwa pande zote kwa ajili ya mvua, kwa hiyo humo ndani palikuwa giza la kijani lenye harufu ya rangi, na mimi katikati, tumbo juu ya magoti.

"Nasambu," mama akasema, "mwambie huyo mwenye usukani kwamba ndani ya gari hili kuna mtu mwenye mimba."

"Baba Fulani, mama anasema pole pole."

"Mwambie mama barabara ndiyo mbaya, si mimi."

"Anasema barabara."

"Nimesikia. Mwambie barabara haikanyagi mafuta."

Nilimwona Absalom akicheka kwa mabega, kupitia tundu la leso. Alipojaribu kusema na Cheruiyot njiani, simu ilinguruma vibaya sana. Ikabidi asimamishe gari na kuzima injini ndipo asikie. Akafanya hivyo mara nyingi. Kila akizima, simu inakula betri. Kila akiwasha, betri inaliwa tena.

Kupita Kimilili mvua ikawa ya kupofusha. Tulivuka kijito kimoja chenye daraja la magogo, na kabla hatujapanda kilima tukasikia magogo yakigongana nyuma yetu yakienda na maji. Mbele kidogo, bondeni, Mto Kuywa ulikuwa ukinguruma. Absalom akapunguza mwendo, gari likateleza upande, magurudumu yakazama mpaka vyuma vya chini vikakaa juu ya tope. Nyuma kijito, mbele mto, pande zote mbili vichaka na maji. Hapakuwa na moshi wa nyumba popote.

Gari lilipoteleza lilinirusha kwenye sanduku. Maumivu yakaanza hapo hapo, na damu ikafuata. Mama alinilaza, akaniwekea viganja tumboni, akapapasa hapa na pale bila haraka. Alikuwa amezalisha wanawake wengi. Nilimtazama usoni na usoni hapakuwa na kitu.

"Nasambu, mwambie mumeo mtoto amelala kwa upana. Akilala hivyo hatoki. Mimi naweza kukutuliza, siwezi kumgeuza. Tunataka hospitali."

Nikamwambia. Maneno yale yalitoka kinywani mwangu kana kwamba ni habari za mtu mwingine.

Absalom akashika simu, injini ikinguruma, akaita. "Cheruiyot, nimekwama kati ya kijito na Kuywa. Mke wangu anakufa. Nani yuko karibu, na aje upande gani?" Sauti yake ilikuwa ikifika; kelele za injini zilizuia sauti zinazoingia tu. Akaachia kitufe. Jibu likaja, tulijua ni jibu kwa sababu kelele zilibadilika umbo, lakini maneno yalikuwa yamesagwa ndani ya mahindi na mbinja. Akazima injini. Tukasikia "Kipketer", wazi kabisa, halafu taa ya simu ikawa nyekundu, ikafifia, ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha. Akatoka na hendeli ya kuwashia injini, akazungusha mvuani mpaka nikasikia akikohoa, injini ikashika. Taa ikarudi, na kelele zikarudi nayo.

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Bila injini simu haina nguvu. Na injini ikiwaka, simu haisikii.

"Kipketer anakuja," akasema. "Sijui anakuja mtoni au kijitoni."

Nilimwelewa, na mama alimwelewa. Kunibeba wangeweza mara moja, kuteremka mtoni au kurudi kijitoni. Wakinibeba upande usio na mtu, nguvu ya kunirudisha haipo, na damu yangu isingengoja.

"Nasambu, mwambie twende mtoni. Hospitali ya karibu iko ng'ambo."

"Mwambie mama, kama daraja la Kuywa limekwenda kama lile jingine, je?"

"Mwambie, kwani tutakaa hapa tukisikiliza gari likipiga mbinja?"

Sikumwambia. Maumivu yalinishika nikapoteza maneno, nikawa nauma ukingo wa gunia. Nikawasikia wote wawili wamenyamaza, kila mmoja upande wake wa leso, wakingoja nipeleke habari. Mama akaita, "Nasambu." Sikuweza. Absalom akaita, "Nasambu." Sikuweza. Nawaambia, katika yote ya siku ile hakuna kilichonitisha kama kule kunyamaza kwao.

Kisha mama akasema, kwa sauti ya mtu anayegombeza ng'ombe, "Wewe gari. Nasema na wewe, gari. Jana ulikuwa na madoa na ulikuwa unasikia. Leo umevaa nguo mpya na umekuwa kiziwi. Ni nini?"

Nikasikia Absalom akipiga paji la uso kwa kiganja, akaruka nje.

Alifungua boneti. Alikwangua kwa kisu pale kondensa inapokalia, rangi ya kijani ikatoka kama maganda ya viazi, akaifunga tena juu ya chuma kilichong'aa. Mbinja ikakoma ndani ya sanduku kana kwamba mtu amefinywa koo. Mahindi yakabaki. Akakwangua bawaba, akakwangua kingo. Mahindi yakapungua kidogo, lakini Cheruiyot bado alikuwa mtu anayesema chini ya maji. Ule mkanda uliokatika haukuwepo, na boneti ilikuwa imekaa juu ya raba zake, haikushikana na mwili wa gari mahali popote pa kutosha.

Nikamsikia akisema na boneti. Aliona aibu, lakini alisema. "Wewe boneti, ningepata waya wa shaba. Hata kipande cha dhiraa moja. Wa gari ni mwembamba na umevikwa mpira."

Mama alikuwa na bangili mkono wa kushoto, ya waya wa shaba nyekundu uliozungushwa mizunguko mingi kutoka kifundoni kwenda juu. Mama yake alimvisha alipozaa mtoto wa kwanza, na tangu siku hiyo haikuvuka ngumi yake. Alitia mkono kwenye kibuyu cha mafuta aliyonipaka tumboni. Akavuta. Niliona ngozi ikija pamoja na waya. Ilipotoka, akafunua turubai akaitupa kwenye nyasi, maana mkononi mwa mkwe asingeweza kuiweka, na akageuza uso mpaka aliposikia imeokotwa.

Absalom akainyoosha, akaiponda bapa kwa hendeli, akabana ncha moja chini ya komeo la boneti. Ncha ya pili ilitakiwa ikae kwenye ubavu wa gari, mahali alipokwangua, na hapakuwa na parafujo. Akiishika yeye, simu hana wa kuishika. Mimi sikuweza hata kushika kichwa changu.

Mama alitoka. Alijifunika leso ile ya pazia kichwani mpaka puani, akasimama kwenye matope mbele ya gari, karibu na mkwewe kuliko mwanamke yeyote wa nyumba yetu alivyowahi kusimama. Alinyoosha mkono akiwa ametazama pembeni. Akabonyeza mahali sipo, penye rangi. Akabonyeza tena, sipo.

"Mama," Absalom akasema.

Hakusema na boneti wala na gari. Alimshika ule mkono uliochubuka, akaupeleka mpaka kwenye chuma kitupu, akaubonyeza hapo kwa dole gumba lake. "Hapa, mama. Usiachie."

Akakimbia ndani. Alipita juu yangu akashika simu, na mahindi yote yakanyamaza, nikasikia mvua juu ya turubai, na ndani ya mvua hiyo sauti nyembamba ya Cheruiyot, karibu kama mtu aliyeketi nasi: "Absalom, narudia tena, usiende mtoni. Daraja la Kuywa halipo. Rudi kijitoni. Kipketer ametoka Kimilili na lori na nyororo. Rudi kijitoni, umesikia?"

"Nimesikia," Absalom akasema. "Nimesikia, bwana. Kijitoni."

Walitia mpini wa sepeto na gongo la turubai ndani ya magunia, wakafanya machela. Absalom alishika mbele, mama nyuma, kwa hiyo hakumwona tena. Kupanda kilima kile mama aliteleza mara nyingi na hakuangusha. Alikuwa akisema na mgongo wa mkwewe sasa, bila kunipitia mimi: kulia, kuna shimo; pole pole; simama. Na mgongo ulitii.

Kipketer alikuwa ng'ambo ya kijito, amefunga nyororo kwenye lori, maji mpaka kifuani. Yeye na watu wake walinivusha juu ya vichwa. Katika hospitali ya upande wa Kimilili muuguzi mmoja wa misheni alimgeuza mtoto kwa mikono yake, nami nikapiga kelele zilizosikika sokoni, sioni haya kusema. Mtoto alikuwa msichana. Tulimwita Lenah.

Kipketer alikwenda kulikwamua gari. Aliporudi alimkuta Absalom uani, akamwambia, "Nimeona boneti ina bangili. Sasa hiyo utaitolea mahari?" Absalom hakucheka. Alikuwa akijua kinachokuja.

Wazee wa Kabuchai walikaa. Mkwe alimshika mama mkwe mkono, akamtamkia neno usoni. Na mama alisimama mbele yake bila pazia kati yao. Hakuna aliyewalaumu kwa sauti. Mbuzi akachinjwa, wakanyunyiziwa kilichostahili kunyunyizwa, na mzee mmoja akasema heshima imerudi mahali pake kama ilivyokuwa. Kuanzia siku hiyo Absalom aliingia tena kwenye mahindi mama alipopita, na mama alipitisha salamu zake kwangu.

Lakini bangili haikurudi. Yeye asingeweza kuipeleka, mama asingeweza kuidai. Mimi nilisema nitaipeleka, mama akanijibu kwamba mimi nilikuwa nimelala, sikuwa kati ya aliyeitoa na aliyeipokea, kwa hiyo haipiti kwangu. Ikabaki ndani ya gari. Absalom aliitia parafujo, na madereva wa Kitale walikuja kutazama simu isiyokuwa na kelele. Mama alizunguka na mkono wenye pete ya ngozi nyeupe. Watu walipomuuliza alisema, "Iko kazini." Kila mara alipokuja kwetu nilimwona akiushika mkono ule, na Absalom aliyekuwa nyuma ya nyumba alikuwa akiona pia. Miaka mingi kidogo tuliishi hivyo, sote watatu, hakuna aliyeweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Nzige walipokwisha, kikosi kikavunjwa na Landrova ikauzwa. Kabla hajatoa funguo, Absalom alifungua boneti akaitoa shaba ile. Ilikuwa nyeusi, imeliwa na mafuta. Alirudi nayo Kabuchai ndani ya mfuko wa koti. Aliketi kwenye kizingiti asubuhi nzima akiigongagonga juu ya jiwe, akaizungusha kwenye mpini wa jembe mpaka ikapata tena mizunguko yake, si mizuri kama ya kwanza. Siku hiyo mama alikuwa amekuja. Alikuwa ameketi upande wa pili wa ua, chini ya ukingo wa jiko, ametupa mgongo.

Absalom akamwita Lenah, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanatoka upya. Akamwekea bangili kwenye kiganja, na gunzi la hindi la kusugulia, na jivu kidogo kwenye jani.

"Isugue kwanza," akamwambia, "mpaka uone inang'aa yote, ndani na nje. Usiache doa. Halafu nenda kwa kukhu, bibi yako, pale, umvalishe wewe mwenyewe, mkono wa kushoto."

"Nimwambie nini?"

Absalom akainuka, akaanza kuelekea kwenye mahindi. "Usimwambie kitu. Ibonyeze vizuri mpaka ishike."